Samba hutembea, pani hubebwa

Kosa kubwa la kanivali ndogo hufanyika mezani, wiki nyingi kabla ya siku yenyewe, pale mtu anapopanga foleni ya msafara na kuandika: lori la stilipani (pani kwa kifupi, ala za kugonga zinazotengenezwa kwa mapipa ya mafuta), kisha kundi la samba, ngoma za Kibrazili, kisha watoto wa shule. Kwenye karatasi inapendeza, muziki umefuatana na muziki. Barabarani mambo ni mengine. Ngoma 30 za samba zikianza kulia mita 20 nyuma ya lori, wapigaji wa pani hawajisikii tena. Wanachofanya basi ni kuongeza nguvu ya mkono, na hapo ndipo hasara inapoanza, maana pani haina akiba ya sauti kama ngoma. Ukizidisha kipigo inatoa ukelele wa bati, na ukiendelea hivyo kwa saa nzima noti zinateleza kutoka mahali pake. Dawa yake ni fundi mwenye nyundo na sikio, na mafundi hao ni wachache.

Karibu kila tulichojifunza kwenye kazi hii ya kuandaa muziki wa misafara kinarudi kwenye mambo mawili: uzito na umbali. Nani anabeba nini, na nani yuko mita ngapi kutoka kwa nani.

Kanivali tunazozisemea ni zile za miji ya Uingereza, za Jumamosi moja ya kiangazi, ambapo halmashauri hufunga barabara kuu kwa saa chache na msafara hutoka uwanja wa michezo hadi bustani ya mji. Asili yake ni watu wa Karibi. Claudia Jones, mwanaharakati mzaliwa wa Trinidad, aliandaa kanivali ya ndani ya ukumbi huko St Pancras, London, Januari 1959. Mwaka 1966, kwenye sherehe ya mtaa iliyoandaliwa na Rhaune Laslett huko Notting Hill, Russell Henderson na wenzake walitoka barabarani na pani zao shingoni, watu wakawafuata. Leeds nao wakaanza yao 1967. Pani zilikuwa zimeshatia mguu nchini mapema zaidi: kundi la wapigaji pani la TASPO lililetwa kutoka Trinidad mwaka 1951 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya kitaifa, na mmoja wao, Sterling Betancourt, akabaki kufundisha. Samba ilichelewa. Shule ya samba ya London ilianzishwa 1984, na tangu hapo makundi yameota kila mji, mengi yakiwa ya walimu, wauguzi na wastaafu wanaojifunza jioni kwenye kumbi za mtaa, wala si Wabrazili. Ndiyo maana siku ya kanivali hizi ngoma mbili, zilizozaliwa nchi tofauti kabisa, hukutana kwenye barabara moja yenye upana wa mita saba.

Zina udugu mmoja, lakini: zote zimetokana na makopo. Trinidad, serikali ya kikoloni ilibana ngoma za ngozi miaka ya 1880, watu wakahamia kwenye mianzi ya kugonga chini, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 wakawa wanagonga makopo ya biskuti, mapipa ya takataka na vyuma vya breki za magari. Rio, ngoma kubwa ya samba inayoitwa surdo husimuliwa kuwa ilitengenezwa na mwanamuziki Bide, wa shule ya samba ya Deixa Falar iliyoanzishwa 1928, kwa kopo kubwa la siagi lililowambwa ngozi. Kilichofuata ndicho kilichozitenga. Kopo la Rio liliwambwa ngozi na kuendelea kuwa ngoma. Kopo la Trinidad lilipondwa mpaka likaimba.

Tuanze na pani, kwa sababu ndiyo dhaifu. Mwanzo wake ni pipa la mafuta la lita 200 na ushei, lenye kimo cha sentimita 88 hivi na kipenyo cha 58. Kifuniko kimoja hukatwa. Kile kingine hupondwa kwa nyundo nzito mpaka kiwe bakuli: pani ya sauti ya juu, inayoitwa tena, huzama sentimita 20 hivi, na besi huzama nusu ya hapo. Bati lililokuwa na unene wa milimita 1.2 hubaki jembamba zaidi katikati, na wembamba huo ndio unaozipa noti za katikati ukali wake. Kisha fundi huchora mipaka ya noti, huipitisha motoni, na kuanza kazi halisi, ya kupiga kila noti kutoka chini na kutoka juu mpaka itoe sauti yake pamoja na sauti ya oktavu iliyo juu yake, yaani noti ile ile ngazi nane juu. Hiyo oktavu ya pili ndiyo siri ya mng'ao wa pani. Noti ikianza kuharibika, mara nyingi sauti yake ya msingi bado iko sawa ila oktavu yake imepotoka, na mpigaji asiyeelewa atasema tu kwamba pani "imechoka".

Sketi ya pipa, yaani ule ukuta wa pembeni, hukatwa kulingana na sauti. Pani ya tena hubakishiwa sentimita 15 hivi, na mtu hubeba pani yake kwa mkono mmoja. Sekondi ni pani mbili kwa mtu mmoja. Selo ni tatu au nne. Besi haikatwi kabisa: ni pipa zima, lenye noti tatu tu, na mpigaji mmoja huzungukwa na mapipa sita ili apate noti 18. Pipa moja lina kilo 15 au zaidi, kwa hiyo besi moja ni karibu kilo 100 kabla hujahesabu vyuma vya kuishikilia. Huko Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad, besi husukumwa kwenye mikokoteni mikubwa ya chuma yenye magurudumu, na hao wasukumaji ni kazi ya kujitegemea. Kwenye mji mdogo wa Uingereza huna wasukumaji 40, una lori moja la kukodi.

Ipo njia ya tatu, ya zamani kuliko zote, ya kila mtu kuvaa pani moja shingoni na kutembea. Wanaopenda historia huipendekeza kila mwaka. Inafaa kwa mwendo wa nusu saa na kwa nyimbo zilizopangwa upya, kwa sababu mpigaji wa sekondi aliyezoea pani mbili akivaa moja amepoteza nusu ya noti zake. Mkanda uwe mpana, upite mabega yote mawili, na pani ikae usawa wa kitovu ikiinamia kifua kidogo. Ikining'inia chini, kila hatua goti linaigonga.

Tukirudi kwenye lori. Bodi ya kawaida ya lori la tani 18 ina urefu wa mita saba hivi na upana wa mita 2.4. Besi ya mapipa sita hula mita mbili kwa mbili. Drums zile za kukaa, pamoja na kengele na chuma cha breki kinachoshika mwendo, zinahitaji eneo kama hilo. Sehemu hiyo Watrinidadi huiita chumba cha injini, na jina limekaa. Kinachobaki kinatosha selo moja, sekondi mbili na tena nne au tano. Watu 10. Kila mwaka yupo anayesema tupandishe 16, na kila mwaka vijiti vinagongana na ngazi ya lori.

Chumba cha injini kikae katikati ya bodi, kisiwe mbele nyuma ya kichwa cha lori. Kikiwa mbele, wapigaji wa nyuma husikia injini halisi ya dizeli kuliko chuma cha breki, na mwendo unakatika vipande viwili. Mapipa ya besi yasikae juu ya bao tupu. Weka vipande vya godoro la sponji au mpira wa tairi chini ya ukingo, la sivyo bodi nzima inanguruma. Pani za tena zipangwe pembeni. Pani huning'inia kwenye stendi yake kwa nyuzi mbili tu, moja kila upande, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ikibanwa kwa chuma haiimbi. Lakini lori likikanyaga breki inayumba kama bembea na kugonga ya jirani. Dawa ni kamba nyembamba ya mpira kutoka ukingo wa chini wa sketi hadi mguu wa stendi, ikiwa imelegea kidogo tu. Miguu ya stendi hufungwa kwenye bodi, mguu kwa mguu. Kufunga mguu mmoja ni sawa na kutofunga.

Dereva ni mwanamuziki wa kumi na moja. Akiachia klachi kwa pupa wimbo unaanguka. Aelezwe mapema kwamba mwendo ni kilomita mbili au tatu kwa saa, gia ya chini kabisa, na kwamba hasimami ghafla ila kwa ajili ya mtu. Kila gurudumu liwe na msimamizi anayetembea pembeni yake, kwa sababu watoto hufuata sauti na hawaangalii matairi. Ukiweka turubai juu, pima kimo cha lori likiwa limeshapakiwa: madaraja yasiyo na kibao cha kimo nchini humo yana angalau mita 5.03, lakini matawi ya miti hayana kibao. Jenereta, kama mnatumia vipaza sauti vya besi, ikae mkiani na moshi wake uelekee nyuma. Ikikaa katikati wapigaji watashuka na vichwa vinavyouma wakidhani ni jua.

Jua lenyewe nalo lina kesi yake. Bati likipata joto hutanuka na kulainika, noti hushuka. Pani zilizokaa saa nzima kwenye lori zikisubiri msafara uanze, nusu chini ya turubai na nusu juani, zitaanza wimbo zikiwa hazipatani, na hakuna mpigaji mwenye kosa. Usimwite fundi, usiguse nyundo. Funika pani zote kwa shuka nyeupe mpaka dakika ya mwisho, au ziache zote juani kwa usawa, walau zishuke pamoja. Mvua ni afadhali kidogo: maji yakijaa kwenye bakuli noti za katikati huwa mfu, lakini ukiyafuta zinarudi. Ubaya wa mvua huja wiki mbili baadaye, kutu inapoanza kwenye mitaro ya mipaka ya noti. Pani zilizopakwa kromu hustahimili zaidi, za rangi tupu hazistahimili. Futa kwa kitambaa laini, kausha, usisugue kwa unga wa kung'arishia masufuria.

Vijiti vinadharauliwa kuliko kitu chochote. Kijiti cha tena ni kifupi, sentimita 15 hadi 20, na ncha yake imezungushiwa mpira mwembamba. Mpira ukiwa mnene mno pani inanong'ona na watu wa pembeni mwa barabara hawasikii wimbo, wanasikia besi peke yake. Ukichanika, mbao au alumini inagusa bati na kila kipigo ni pigo dogo la nyundo. Mpigaji mwenye shauku hatambui kwamba mpira umechanika mpaka wimbo uishe, kwa hiyo kila mtu apande na jozi ya pili mfukoni, na kiongozi awe na mipira ya akiba na mkasi. Besi hutumia vijiti vyenye tufe la mpira. Tufe hilo huchomoka na kurukia umati, na huwa tunaokota moja au mawili kila mwaka.

Jambo jingine linalowakwaza wageni: pani hazifanani. Mpangilio wa noti uliotokana na kazi ya Anthony Williams, mpigaji na mtengenezaji wa pani wa Trinidad, ambamo noti hufuatana kwa duara la nne na tano (kila noti iko ngazi nne au tano kutoka jirani yake), ndio umeenea kwenye tena, lakini zipo tena za mpangilio wa zamani, na sekondi na selo hutofautiana zaidi. Mpigaji hodari kutoka kundi jirani anaweza kupanda loriani kusaidia na asipate hata noti mbili zinazofuatana. Asitegemee macho, na msimtegemee yeye kabla hajaja mazoezini.

Sasa samba. Hapa uzito ni wa mwili wa mtu. Surdo ya inchi 22 ya alumini ina kilo sita hadi tisa hivi, na mbebaji huipiga kwa saa mbili akitembea. Ngoma ya kwanza, yenye sauti nzito kabisa, hupiga pigo la pili la kila hatua mbili. Ya pili, iliyokazwa kidogo, hulijibu kwenye pigo la kwanza. Ya tatu, ndogo zaidi, hukata kati yao na kuleta ule mchezo wa kiuno. Anayejua vumi na chapuo za pwani ataelewa mgawanyo huo bila kuelezwa. (Shule ya samba ya Mangueira, ya Rio, inajulikana kwa kutumia surdo ya kwanza bila ya pili kuijibu. Jaribu hivyo na kundi la wanafunzi na utajua kwa nini wengine hawathubutu.) Juu ya surdo kuna kaisha, zenye nyaya chini ya ngozi, zinazosaga bila kupumzika, repiniki, ambayo ndiyo hutoa mwito, tamborimu, kidude cha inchi sita kinachopigwa kwa fimbo ya plastiki, shokalyo za kutikisa, agogo za chuma, na kwa waliobahatika, kuika, ngoma ya kusuguliwa kwa kitambaa chenye unyevu kwenye kijiti kilichofungwa ndani ya ngozi, ambayo asili yake ni ngoma za kusugua za upande wa Angola.

Mkanda wa surdo huamua kama mtu atarudi mwakani. Mkanda wa bega moja huchosha shingo kwa dakika 40. Mkanda wa kiunoni wenye ndoano huhamishia uzito kwenye nyonga, lakini ukingo wa chini wa ngoma hugonga paja kwenye kila hatua, na jioni paja lina rangi ya zambarau. Funga kipande cha sponji au kinga ya goti juu ya goti la upande huo. Vidole vya wapiga kaisha vizungushiwe plasta kabla malengelenge hayajatoka. Yakishatoka plasta haishiki kwa jasho. Mikwiro ya surdo yenye kichwa cha manyoya hunyonya mvua na kuwa mizito kama magunzi ya mahindi yaliyoloweshwa, basi beba mifuko midogo ya plastiki na utepe wa kunata, mvua ikidondoka vichwa vivishwe. Ngozi za mbuzi zina sauti nzuri ambayo plastiki haijaifikia, lakini ni za nchi kavu. Katika unyevu wa Julai ya Uingereza hulegea kabla ya kona ya kwanza, na hakuna moto wa makuti wa kuzikaushia barabarani.

Kukaza ni kwa kuvukana. Kaza skrubu moja nusu mzunguko, kisha inayotazamana nayo, kisha nenda robo ya duara. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na anayezunguka kwa mfuatano huivutia upande mmoja kweli kweli: ukingo unakwenda mshazari, ngozi inakunjamana, na ngoma inatoa sauti mbili.

Umbali ndani ya kundi lenyewe la samba ni somo ambalo wengi huchukua miaka kulielewa, kumbe ni hesabu ya darasa la saba. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kundi likinyooka mpaka mita 20, aliye mbele husikia surdo ya nyuma ikiwa imechelewa karibu sekunde 0.06. Kwenye samba ya mapigo 130 kwa dakika, kila pigo likigawanywa mara nne kama kaisha zinavyofanya, sehemu moja ni sekunde 0.115. Kwa hiyo wa mbele wako nusu ya sehemu nje ya mahali, na wakijaribu kufuata wanachosikia, kundi zima linapungua kasi hatua kwa hatua bila yeyote kuzembea. Weka surdo katikati, si mkiani. Safu ziwe za watu wanne au watano, zibanwe, kundi lote lisizidi mita kumi au kumi na mbili kwa urefu. Na wa mbele wafuate mkono wa kiongozi kwa macho, wasifuate masikio.

Kiongozi hutembea kinyumenyume ili wamwone. Mpeni mtu wa kumshika mgongoni, kwani barabara ina vigingi na mashimo. Ishara ziwe chache: vidole kwa namba ya kituo cha kukata (mahali kundi linapokatiza mdundo kwa pamoja), ngumi kwa kunyamaza, kiganja kinachoshuka kwa kupunguza sauti. Filimbi ni ya kuamsha tu. Ikipulizwa mfululizo inakuwa kelele nyingine na hakuna anayeisikiliza. Mwito wa repiniki lazima uanzie pale pale kila mara, na anayeupiga awe mmoja, asibadilishwe kwa hisani kwa kuwa leo rafiki yake kaja.

Kuhusu mwendo: hatua 130 kwa dakika, kila moja ya sentimita 60, ni karibu kilomita tano kwa saa. Msafara wenye watoto na mavazi ya mabawa hauendi hivyo. Ama wapigaji wafupishe hatua mpaka sentimita 30, ama mpige samba-rege ya mji wa Salvador, Brazili, ile iliyokuzwa na Neguinho do Samba na kundi la Olodum, ambayo ni ya polepole na inamruhusu mtu apumue. Makundi machanga yaanze na hiyo. Samba ya Rio kwa kasi yake, ikipigwa na watu waliojifunza miezi minne, huwa mbio za kuteremka mlima. Hatujawahi kuona kundi changa likiimaliza kwa kasi lililoianza nayo.

Wazanzibari wenye beni wanalijua hili bila kuhesabu. Beni ni muziki uliozaliwa ukitembea, tarumbeta na ngoma pamoja, na kwenye gwaride la kufungua tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, utaona wanavyobana safu kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe na kulegeza wakifika uwazini. Kichochoro kinarudisha sauti, mwangwi unagombana na pigo. Chini ya daraja la reli la Uingereza ni hivyo hivyo: kila kundi linatamani kupiga kwa nguvu pale kwa sababu linasikika kama jeshi, ila huko ndiko linakovunjika. Punguza, acha surdo na repiniki tu, toka upande wa pili, kisha fungua.

Basi foleni ipangweje? Samba mbele kabisa. Inasafisha njia na kuwatoa watu majumbani. Baada yake waje wacheza ngoma wao, kisha makundi ya mavazi yasiyo na muziki, kisha watoto, kisha pani mkiani. Lengo ni mita 150 kati ya ngoma ya mwisho na lori, mia ikiwa ndicho kiwango cha chini kabisa. Uwanjani sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kati ya kuta za maduka haipungui hivyo, ndiyo sababu mita 50 zinazotosha bustanini hazitoshi barabara kuu. Kona moja kati ya makundi ina faida kuliko mita 50 za njia iliyonyooka. Shida huja msafara unaposimama, kwa sababu kila kitu kilichoachana hukaribiana kama mabehewa. Msimamizi mmoja, mwenye redio, awe na kazi hiyo tu: kulisimamisha lori mapema kuliko wengine. Akilisahau kwa dakika mbili, pengo la mita 100 limekuwa 20, na tumerudi pale tulipoanzia. Samba ikisimama, ama inyamaze ama ibaki na shokalyo na agogo. Kusimama na kupiga kwa nguvu zote mbele ya lango la nyumba ya wazee si hamasa.

Watu hupenda mwisho wa siku pani na samba zipige pamoja bustanini. Inawezekana, na ikifaulu ni tamu, lakini inataka samba ijinyime. Kwa pani 12 weka wapigaji sita tu wa samba: surdo mbili zilizofunikwa kitambaa, kaisha moja au mbili zikipigwa ukingoni, shokalyo, na repiniki moja kwa miito tu. Tamborimu zipumzike, zinakata sauti ya tena katikati. Agogo pia ziache, maana zina noti zake, na noti hizo hazikuulizwa kama zinapatana na pani. Chagueni wimbo wenye kodi (noti zinazolia kwa pamoja) mbili au tatu, mwendo wa mapigo 112 hadi 120, na chuma cha breki kiwe ndicho bwana wa mwendo, si surdo. Mfanye mazoezi ya pamoja angalau mara mbili, moja iwe nje. Ukumbini kila kitu kinapatana kwa sababu kuta zinasamehe.

Masikio hayasamehe. Sheria za kazi za Uingereza hulazimisha kinga kuvaliwa wastani wa kelele kwa siku ukifika desibeli 85, na katikati ya kundi la samba unapita hapo ndani ya dakika chache tu. Vizibo vya sponji huziba lakini huua sauti kali, mpigaji akaanza kupiga kwa nguvu ili ajisikie. Vile vyenye kichujio hupunguza sawasawa na bado unasikia mwito. Watoto wanaopakatwa mabegani mbele ya repiniki wapewe vikinga vya kufunika masikio yote. Wekeni boksi la akiba, gawieni bila kuuliza.

Kushusha mizigo hufanywa na watu waliochoka, na pani nyingi huumia hapo kuliko barabarani. Usilaze tena kifudifudi ndani ya sekondi kwa kuwa zinaingiana. Ukingo wa moja hukaa juu ya noti za nyingine, na tuta moja la barabara linatosha. Kila pani iwe na mfuko wake, au blanketi katikati. Besi zishuke mwisho, watu wawili kwa pipa, zikishikwa sketi na si ukingo wa juu ambako noti zinaanzia. Ngoma za samba zilegezwe skrubu mzunguko mmoja kabla ya kuwekwa stoo. Vijiti vihesabiwe lori likiwa bado limesimama, jozi zilizopanda dhidi ya jozi zilizoshuka, kwa sababu dereva ana safari nyingine jioni hiyo na bodi yake itafagiwa.